Namna ya kuanzisha na kuendesha biashara ndogo ya bodi za sakiti za pedali za gitaa

Maswali ya wanaotaka kuingia katika biashara hii hayabadiliki. Je, ni lazima niwe nimesomea uhandisi wa umeme? Je, naruhusiwa kuuza bodi ya sakiti iliyobuniwa na mtu mwingine? Bodi zitengenezwe wapi, nianze na ngapi, na niziuze kwa bei gani? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua sakiti hadi kumhudumia mteja ambaye pedali yake imegoma kutoa sauti.

Bidhaa tunayoizungumzia ni bodi tupu: kipande cha faiba chenye njia za shaba na matundu, ambacho mnunuzi hukijaza rezista, kapasita na transista kwa mkono wake, kisha hukifunga ndani ya kasha la alumini na kupata pedali ya kubadilisha sauti ya gitaa. Wauzaji wengi wako Marekani na Ulaya, na bodi moja huuzwa kwa takriban dola 6 hadi 15 za Marekani kulingana na ukubwa wake. Hata hivyo bodi ya milimita 50 kwa 50 ina uzito wa gramu saba au nane tu, hivyo hakuna sababu ya kumzuia mtu aliyeko Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kuiuza kwa mteja wa mbali kwa bahasha ya kawaida ya posta.

Lishike jambo moja kabla hujatumia hata senti. Shaba na faiba zenyewe zina thamani ndogo sana, na mnunuzi analijua hilo. Anacholipia ni uhakika kwamba akinunua vifaa ulivyomwandikia na kuvipachika ulipomwelekeza, pedali yake itapiga. Muuzaji anayeutoa uhakika huo hurudiwa na wateja wale wale, na asiyeutoa hata akishusha bei haitamsaidia.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye programu ya KiCad ya kuchorea bodi za sakiti, ambayo ni ya bure na inakuruhusu kuuza ulichochora bila kulipa leseni. Kompyuta ya kawaida ya ofisini inatosha.
- Printa yoyote, au kibanda cha jirani cha kuchapishia kinachokubali kuchapisha kwa asilimia 100 bila kupunguza ukubwa.
- Chuma cha kulehemu chenye kidhibiti cha joto, risasi ya kulehemia, kifyonza risasi na koleo ndogo ya kukatia.
- Multimita ya dijitali. Ile ya bei ya chini inafaa kwa volti na rezista, lakini yenye kupima kapasita itakuokolea muda mwingi.
- Ubao wa majaribio wa kuchomeka vifaa bila kulehemu.
- Gitaa, amplifaya ndogo, na umeme wa volti 9 wa pedali, yaani ule ambao hasi yake iko katikati ya plagi. Mpangilio huo ni kinyume cha adapta nyingi za majumbani, kwa hiyo usiazime adapta ya redio.
- Keekee ya kutobolea makasha.
- Mtaji wa kuagiza sampuli mara mbili au tatu. Sampuli ya kwanza mara chache huwa ndiyo ya mwisho, na mtu aliyepangia fedha sampuli moja hujikuta akiuza bodi yenye kasoro kwa sababu ameishiwa.

Kuhusu elimu, shahada haihitajiki. Kinachohitajika ni kuweza kusoma mchoro wa sakiti, kueleza kila kifaa kinafanya kazi gani ndani yake, na kuwa umejenga pedali kadhaa kwa mkono wako hadi zikafanya kazi. Ikiwa hujafika hapo, nunua kwanza bodi za wengine uzijenge. Hakuna namna nyingine ya kujua mnunuzi hukwama wapi.

Hatua ya 1: Chagua sakiti moja, tena rahisi

Anza na sakiti ya kuongeza nguvu ya sauti yenye transista moja, au ya fazi (fuzz, inayokwaruza sauti kwa nguvu) yenye transista mbili za silikoni, au ya overdraivu (inayokwaruza kwa upole zaidi) inayotumia aisi moja, yaani kifaa kimoja chenye sakiti nzima ndani yake, kama TL072. Sakiti hizi zina vifaa kati ya kumi na thelathini, zinaeleweka, na vifaa vyake vinapatikana popote.

Kuna aina mbili za sakiti ambazo anayeanza anapaswa kuziepuka. Ya kwanza ni inayotegemea transista za jemani (germanium), kama AC128, kwa sababu kila moja ina nguvu yake na uvujaji wake. Wajenzi wawili watafuata maelekezo yaleyale na kupata sauti mbili tofauti, na wote watakulaumu wewe. Ya pili ni inayotegemea kifaa kilichokwisha kuacha kutengenezwa. J201, transista iliyopendwa sana na wabunifu wa pedali, imekuwa adimu kwa umbo la miguu mirefu baada ya viwanda vikubwa kuacha kuitengeneza hivyo. Inapatikana kwa umbo dogo la kubandika juu ya bodi, na nyingi za miguu mirefu zinazouzwa kwa bei rahisi ni bandia. Kabla ya kuchora chochote, tafuta kila kifaa kwa wauzaji wakubwa kama Mouser, DigiKey au Tayda. Kama kifaa kimoja hakipo katika angalau maduka mawili, badilisha sakiti.

Hatua ya 2: Hakikisha una haki ya kuiuza

Katika nchi nyingi, wazo la sakiti lenyewe, yaani namna rezista na transista zilivyounganishwa, halilindwi na hakimiliki. Kinachoweza kulilinda ni hataza, na hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Pedali nyingi zinazopendwa ni za zamani kuliko hapo: Fuzz Face ilitoka mwaka 1966 na RAT ya ProCo mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana soko limejaa bodi zinazofanana na pedali hizo bila mtu kushitakiwa.

Vitu vitatu, hata hivyo, vina mwenyewe. Jina la pedali ni alama ya biashara na haliishi muda wake maadamu linatumika, kwa hiyo bodi yako iwe na jina lako mwenyewe na maelezo yaseme tu kwamba ni overdraivu ya aina fulani. Mchoro wa bodi uliochorwa na mtu mwingine una hakimiliki, hata kama sakiti ndani yake haina. Usichukue njia za shaba za mwenzako ukazigeuza rangi. Programu zilizo ndani ya aisi za kidijitali, kwa mfano zile zinazoendeshwa na FV-1, aisi ya kuchakata sauti, nazo ni mali ya aliyeziandika.

Tahadhari: kama mchoro ulitokana na kazi ya mpenzi wa pedali aliyefungua pedali ya kale na kuichora kwa subira kifaa kwa kifaa, mwombe ruhusa na umtaje. Sheria huenda isikulazimishe, lakini wanunuzi wako ni watu walewale wanaomfahamu na kumheshimu.

Hatua ya 3: Ijaribu kabla ya kuichora

Panga sakiti nzima kwenye ubao wa majaribio na uipigie gitaa kwa muda wa kutosha. Sikiliza kila potensiomita, yaani rezista ya kuzungusha inayorekebisha sauti, mwanzo, katikati na mwisho wake. Kama sauti yote inabadilika ndani ya robo ya mwisho ya mzunguko, badilisha aina ya potensiomita: A ni ya logarithimu na hufaa sauti, B ni ya mstari ulionyooka, na C ni ya logarithimu iliyogeuzwa. Andika volti ulizozipima kwenye kila mguu wa transista na aisi, kwa sababu namba hizo utazihitaji katika waraka wa ujenzi.

Hatua ya 4: Chora bodi

Hapa ndipo bodi nzuri inapotofautiana na bodi mbaya, na hapa usiwe na haraka.

Chora kwanza mchoro wa sakiti ndani ya KiCad, uendeshe ukaguzi wake wa kanuni za umeme, ndipo uhamie kwenye bodi. Chagua kasha kabla ya kupanga kifaa chochote. Makasha yanayotumiwa zaidi ni mawili: 1590B, namba ya kampuni ya Hammond ya Kanada, ina takriban milimita 112 kwa 60, na 125B, jina linalotumiwa na wauzaji wengine, ina takriban milimita 122 kwa 66 na kina kikubwa zaidi. Kwa anayeanza ninapendekeza 125B bila kusita, kwani nafasi ya ziada humsaidia mjenzi asiye na uzoefu kupitisha nyaya bila kuzibana. Upana wa bodi usizidi milimita 55, na juu yake uache nafasi ya jeki za gitaa na tundu la umeme.

Matundu na pedi, yaani duara za shaba zinazozunguka matundu ambako risasi hushika, ziwe kubwa kuliko programu inavyokupendekezea. Mguu wa rezista ya robo wati una unene wa takriban milimita 0.6, basi tundu la 0.8 linautosha; dayodi ya umeme ihitaji 1.0, na pedi za nyaya 1.2 au zaidi. Pedi inayozunguka tundu la rezista iwe na kipenyo kisichopungua milimita 1.6. Sababu yake ni kwamba mnunuzi wako atakosea, atang'oa kifaa na kukilehemu upya, na pedi nyembamba hubanduka kwa joto la mara ya pili. Njia za sauti zipe upana wa milimita 0.5 na za umeme 0.8 au 1.

Sehemu iliyobaki ijazwe shaba ya hasi, ile mafundi wanayoiita eathi, pande zote mbili za bodi. Hakikisha pedi zinazoungana na shaba hiyo zinashikwa na vijinjia vinne vyembamba badala ya kuzama moja kwa moja ndani ya shaba, la sivyo joto la chuma cha kulehemu litasambaa na risasi haitayeyuka vizuri.

Kwenye mlango wa umeme weka dayodi ya 1N5817 ya kuilinda sakiti dhidi ya umeme uliogeuzwa, na kapasita ya mikrofaradi 47 au 100 yenye uwezo wa volti 25. Kwenye mlango wa sauti weka rezista ya megaohmu 1 au zaidi kwenda eathi, ili swichi ya mguu isitoe mshindo inapokanyagwa. Vitu hivi ni vya shilingi chache, na pedali nyingi za kale hazikuwa navyo.

Maandishi meupe ya bodi yawe na urefu usiopungua milimita 1. Andika namba za vifaa, R1, C4, Q2, badala ya thamani zake. Thamani zikae kwenye waraka, ambako unaweza kuzirekebisha bila kutupa bodi. Kando ya kila pedi ya waya andika kazi yake waziwazi, na mahali panapoonekana andika jina la bodi na toleo lake. Namba ya toleo inaonekana kuwa jambo dogo hadi siku mteja anapokuandikia kuhusu bodi uliyoibadilisha mwaka uliopita.

Makosa matatu ya uchoraji huharibu oda nyingi kuliko mengine yote.

Kwanza, mpangilio wa miguu ya transista. Ukiitazama 2N5088 upande wake bapa, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto utaona emita, besi, kolekta. BC549 ni kinyume: kolekta, besi, emita. Zote mbili zinafaa katika sakiti nyingi za fazi, na mchoro wa transista kwenye programu hauwezi kujua wewe unakusudia ipi.

Pili, potensiomita. Kwa kawaida hupachikwa upande wa nyuma wa bodi, ilhali vifaa vingine viko mbele, kwa hiyo mguu wa 1 na wa 3 hubadilishana nafasi machoni mwa mchoraji. Ukikosea, kitufe cha sauti kitapunguza kinapozungushwa kulia.

Tatu, migongo ya chuma ya potensiomita hizohizo. Iko milimita chache tu kutoka kwenye ncha za risasi za vifaa vingine. Usipange pedi zisizo za eathi chini yake bila kuacha nafasi, na katika waraka umwelekeze mjenzi aweke kifuniko cha plastiki au utepe wa umeme mgongoni.

Hatua ya 5: Ichapishe kwenye karatasi

Ukaguzi wa programu ukishapita bila kosa, chapisha bodi kwa ukubwa halisi, ibandike karatasi kwenye kipande cha kadibodi, utoboe matundu kwa sindano, kisha uvichomeke vifaa halisi. Kapasita ya plastiki yenye miguu inayoachana milimita 5 ina mwili wa takriban milimita 7, na mbili zikiwekwa karibu mno hazitakaa. Weka karatasi hiyo ndani ya kasha pia, pamoja na jeki na swichi. Nusu saa ya kazi hii huokoa wiki kadhaa za kungoja sampuli nyingine.

Hatua ya 6: Agiza sampuli

Toa faili za Gerber, yaani michoro ya kila tabaka la bodi ambayo kiwanda husoma, na faili ya matundu, uzifungue tena kwa kitazamio kilichomo ndani ya KiCad, na uzikague tabaka moja baada ya jingine kwa macho. Viwanda vya China kama JLCPCB na PCBWay hukubali oda ya kuanzia bodi tano, na bei huwa nafuu zaidi kwa bodi isiyozidi milimita 100 kwa 100. Chagua tabaka mbili, unene wa milimita 1.6 na shaba ya mikroni 35. Mipako ya pedi iwe ile isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu vifaa vya umeme zinabana madini hayo na huko ndiko utakakopata sehemu kubwa ya wanunuzi.

Viwanda huchapa namba ya oda kwenye bodi. Usipoichagulia mahali, inaweza kuangukia katikati ya jina la bidhaa yako, kwa hiyo tumia chaguo la kuielekeza mahali ambapo kifaa kitaifunika.

Tahadhari: usiagize bodi mia moja kwa sababu bei ya kila moja inashuka. Bodi mia zenye kosa moja ni hasara kamili, na tano zenye kosa hilohilo ni somo la bei nafuu.

Hatua ya 7: Jenga sampuli mbili, moja kwa mikono ya mtu mwingine

Ya kwanza ijenge wewe, upime volti zote na uzilinganishe na zile za ubao wa majaribio. Sikiliza mvumo pedali ikiwa imewashwa bila kupigwa, na sikiliza mlio mwembamba wa filimbi unaotokea pale njia ya kutokea inapopita karibu na njia ya kuingilia kwenye sakiti yenye nguvu kubwa.

Ya pili mpe mtu anayejua kulehemu lakini hajawahi kuiona sakiti hiyo, pamoja na waraka wako peke yake. Kaa kimya. Usimsaidie, usimnyooshee kidole, usimjibu zaidi ya kuandika alichouliza. Kila swali analouliza ni sentensi inayokosekana katika waraka. Kila mara anapokigeuza kifaa mkononi bila kujua upande wake, bodi inakosa alama. Wauzaji wengi huiruka hatua hii kwa kuona inawachelewesha, lakini wateja wa mwanzo ndio watakaoifanya kwa niaba yako, na watakuwa wamelipa.

Hatua ya 8: Andika waraka wa ujenzi

Waraka huu ni nusu ya bidhaa. Uwe faili moja la PDF lisilohitaji intaneti likishapakuliwa, na uwe na mambo yafuatayo:

1. Orodha ya vifaa kwa namba na thamani, ikifuatiwa na orodha ya pili ya manunuzi inayojumlisha vinavyofanana: rezista tano za 10K, kapasita tatu za nanofaradi 100, na kadhalika. Kando ya kila kapasita andika alama iliyochapwa mwilini mwake: 104 kwa nanofaradi 100, 473 kwa 47, 103 kwa 10.
2. Mchoro kamili wa sakiti. Kuna wauzaji wanaouficha kwa kuogopa kuigwa. Mimi nauona uamuzi huo kuwa mbaya, kwani mnunuzi asiye na mchoro hawezi kujitafutia tatizo, na kila tatizo lake litakuja kwako.
3. Mpangilio wa kulehemu, kuanzia vifaa vifupi kwenda virefu: rezista na dayodi, kisha soketi ya aisi, kapasita za plastiki, transista, kapasita za elektroliti, na mwisho potensiomita. Potensiomita zilehemiwe zikiwa zimekwishafungwa ndani ya kasha lililotobolewa, ili zikae sawa na matundu.
4. Picha ya nyaya zote: jeki ya kuingilia, jeki ya kutokea, umeme, taa ya LED na swichi ya mguu yenye miguu tisa.
5. Kielelezo cha kutobolea kasha chenye mstari wa sentimita 5 ambao mnunuzi ataupima kwa rula kuhakikisha printa haikupunguza ukubwa. Taja vipenyo: takriban milimita 7 kwa potensiomita za kawaida, 12 kwa swichi ya mguu, 10 kwa jeki.
6. Jedwali la volti kwa kila mguu wa transista na aisi.

Namba ya toleo iliyo kwenye waraka ilingane na iliyo kwenye bodi, na nyaraka za matoleo ya zamani zibaki zinapatikana daima.

Hatua ya 9: Panga bei

Tuseme umeagiza bodi 50, na pamoja na usafirishaji na kodi za forodha umelipa dola 80, yaani dola 1.60 kwa kila moja. Sampuli, vifaa na kasha za majaribio zilikugharimu dola 60, ambazo zikigawanywa kwa bodi hizo ni 1.20. Bahasha na stika ni 0.50, ada ya kupokea malipo 0.70. Bodi imekwishakugharimu dola 4 kabla hujajilipa. Ukiiuza kwa dola 5, barua pepe moja ndefu ya mteja imemeza faida ya bodi kadhaa. Ukiiuza kwa 8, una nafasi ya kumtumia bodi nyingine bila malipo yule aliyeiharibu ya kwanza. Gharama ya posta itoze kando, kwa kiwango kimoja kwa bodi yoyote hadi tano, ili mnunuzi ashawishike kuongeza.

Usikimbilie kuuza seti kamili zenye vifaa. Kuhesabu rezista arobaini za thamani kumi na tano kwa kila mfuko bila kukosea ni kazi nyingine kabisa, yenye mtaji mwingine. Iache hadi bodi zako tatu au nne ziwe zinauzika zenyewe.

Hatua ya 10: Rasimisha na fungua duka

Tanzania, jina la biashara husajiliwa BRELA na namba ya mlipakodi hutolewa na TRA. Kenya, usajili hufanyika kupitia eCitizen na namba ya kodi hutolewa na KRA. Fanya hivyo mapema, kwa sababu mifumo ya malipo ya kimataifa itakuomba hati hizo. Kwa wateja wa ndani, malipo ya simu yanatosha. Kwa wa nje, thibitisha kwanza kwamba huduma unayoichagua inakuruhusu kupokea fedha katika nchi yako, si kutuma tu. Akaunti ya PayPal ya Kenya, kwa mfano, inaweza kuunganishwa na M-Pesa.

Katika duka lako weka picha safi ya pande zote mbili za bodi, waraka unaopakuliwa kabla ya kununua, na sauti iliyorekodiwa. Rekodi gitaa lilelile, kipande kilekile, pedali ikiwa imezimwa kisha imewashwa, bila kuongeza mwangwi. Na ukipiga mtindo wa rumba au benga kwenye rekodi hiyo badala ya roki ya kawaida, utakuwa umewaonyesha wapigaji wa hapa kwetu kwamba bodi hii inawahusu.

Hatua ya 11: Fungasha na utume

Bodi tupu haihitaji mfuko wa kuzuia umeme tuli, lakini inahitaji kukingwa na unyevu, hasa ukiishi pwani. Ihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, uishike kingo zake, na uitume kwenye bahasha yenye mapovu ikiwa imebanwa katikati ya kadibodi mbili.

Kwenye fomu ya forodha ya CN22 andika kwa Kiingereza au Kifaransa kwamba ni bodi tupu za kielektroniki, utaje thamani ya kweli, na uandike namba ya ushuru 8534.00, inayohusu bodi za sakiti zisizo na vifaa. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zote zinazoingia, hata za thamani ndogo, na Marekani iliondoa mwezi Agosti 2025 msamaha wa ushuru uliohusu vifurushi vya hadi dola 800. Mweleze mnunuzi kabla hajalipa kwamba huenda akadaiwa upande wake. Usikubali kamwe kuandika kwamba ni zawadi, hata akikusihi.

Mambo yanapokwama

Mteja anasema pedali haitoi sauti. Muulize kwanza kama sauti inapita pedali ikiwa imezimwa. Kama haipiti, tatizo liko kwenye jeki au swichi, si kwenye bodi. Kama inapita, mwombe picha mbili zenye mwanga mzuri, mbele na nyuma, na volti za kila mguu. Matatizo mengi huonekana pichani: risasi iliyoruka kati ya pedi mbili, dayodi iliyogeuzwa, aisi iliyochomekwa kichwa chini.

Volti zinakaribia sahihi lakini si sawa na jedwali. Hili huwatisha wajenzi bila sababu. Umeme wa volti 9 ukipita kwenye 1N5817 hubaki takriban 8.8, na nusu yake ni 4.4. Lakini mjenzi akipima mguu wa 3 wa TL072, unaopokea nusu hiyo kupitia rezista ya megaohmu 1, multimita yenye ukinzani wa megaohmu 10 itaonyesha karibu volti 4. Sakiti ni nzima. Kipimo chenyewe ndicho kinachoishusha. Liandike hilo chini ya jedwali.

Volti zote ni sahihi na bado hakuna sauti. Mfundishe kutengeneza kifaa cha kufuatilia sauti: waya uliounganishwa na amplifaya kupitia kapasita ya nanofaradi 100, ambao ncha yake hugusishwa hatua kwa hatua kwenye njia ya sauti kuanzia mlango wa kuingilia. Mahali sauti inapopotea ndipo kosa lilipo.

Sauti ni ndogo au imekwaruza vibaya. Mara nyingi ni rezista za 100R na 100K zilizobadilishana, kwa kuwa rangi zake zinafanana isipokuwa mstari mmoja. Mshauri apime kila rezista kabla ya kuilehemu.

Wateja wawili au zaidi wanaleta tatizo lilelile. Acha kuuza siku hiyohiyo. Jenga bodi nyingine kutoka kwenye shehena hiyo, na kama kosa ni la mchoro, waandikie wote walionunua toleo hilo, ueleze njia ya kulirekebisha kwa waya mmoja au kwa kukata njia moja ya shaba, na uwatumie bodi ya toleo jipya bila malipo. Bodi zilizobaki zichore mstari wa kalamu nyekundu na uzitenge zisichanganyike na mpya.

Mteja amebandua pedi na hana pa kulehemu. Mwonyeshe kwenye mchoro pedi inayofuata katika njia ileile, ambako anaweza kupeleka kipande cha waya. Ikiwa hata hiyo imeharibika, mtumie bodi nyingine pamoja na oda inayofuata ya kwenda upande wake, na kwenye toleo lijalo ongeza kipenyo cha pedi iliyobanduka.